Ruhusa Niliyoiita Amri

Ipo asubuhi moja ya Januari ambayo haijaniacha, mwanangu, ingawa imepita miaka karibu thelathini na tangu hapo nimezika wengi na kulea wengi. Nilikuwa nimesimama kwenye shamba moja nje ya mji wa Kitale, karatasi ya mahakama mkononi, viatu vyangu vya kwenda kazini vimezama udongoni, na ukungu wa kutoka Mlima Elgon ulikuwa umeshuka mpaka nyumba iliyokuwa hatua ishirini tu kutoka hapo ikawa haionekani vizuri. Mbele yangu palikuwa na kaburi. Nilikuwa nimekwenda kulisomea amri.

Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimekuita. Wiki mbili zilizopita ulifanywa naibu chifu wa Kamukuywa, nasi wote tukashangilia, mimi shangazi yako nikipiga vigelegele kuliko wote. Juzi nikaona ujumbe wako kwenye kundi la simu la kijiji: kwa amri ya ofisi, kila boma litoe mtu mmoja wa kutengeneza barabara kesho saa mbili, atakayekosa atachukuliwa hatua. Nikamuuliza mama yako amri hiyo imetoka wapi. Akacheka, “Wifi, si ni yeye tu ameamua!” Yeye alicheka. Mimi chai ilinipoa mkononi.

Keti hapo basi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Mimi nilijikwaa ulimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani na mkalimani katika mahakama ya Kitale. Kazi yangu ilikuwa kusimama kushoto kwa meza ya hakimu na kuyatoa maneno kwenye Kiingereza niyaweke kwenye Kiswahili, na kwa wazee wetu niyaweke kwenye Lubukusu. Nilikuwa na sauti, mwanangu. Hakimu wetu alikuwa mtu wa kunong’ona, mtu wa kuongea na kalamu yake. Kwa hiyo watu waliojaa ukumbini hawakumsikia yeye, walinisikia mimi. Yeye akinong’ona, mimi nilinguruma. Na neno nililolipenda kuliko yote ni “inaamuru”. Mahakama inaamuru! Nikilitamka, niliona wanaume wenye mvi wakishusha macho. Utamu wa jambo hilo sitakuficha. Ni utamu wa dawa ya panya, ambayo hunukia kama chakula.

Nje ya ukumbi watu walianza kuniita Mheshimiwa. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa naitika.

Ndipo ikaja kesi ya Wanjala. Huyo Wanjala alikuwa mkulima wa asili ya Kamukuywa, kwetu Bungoma, aliyepata shamba huku Trans-Nzoia akiwa kijana. Akaoa, akaishi hapo na mkewe Nekesa zaidi ya miaka thelathini. Hawakujaliwa watoto. Miaka yake ya mwisho macho yalimwishia, akawa mtu wa kukaa nje ya jikoni akisikiliza dunia. Alipofariki, Nekesa alimzika pale pale, kati ya jikoni na migomba, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Kamukuywa ukawaka moto. Mtu wetu alale ugenini kama mpita njia? Wakamsukuma kaka yake mkubwa, Mzee Khaemba, aende mahakamani aombe mwili ufukuliwe, ukazikwe nyumbani kwa baba yao.

Nataka umfahamu Khaemba. Alikuwa mrefu, mkimya, koti lake la kijivu limeliwa na jua mabegani, na alivua kofia hata akiongea na askari wa mlangoni. Siku zote za kesi, watu wa ukoo walijaza mabenchi ya mbele, naye aliyeshtaki alikaa la nyuma kabisa, peke yake. Niliona. Sikujiuliza kwa nini.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kurasa saba kwa Kiingereza. Mwisho wake nitakupa maana yake kamili, kwa sababu baadaye niliikariri kama sala: waombaji wanaweza, wakipenda, kuufukua mwili wa marehemu ndani ya siku thelathini, mbele ya afisa wa afya na polisi. Wanaweza. Kwa Kiingereza ni neno la herufi tatu, jepesi kama unyoya, linakupita kabla hujaligeukia. Nami nikasimama wima, nikajaza kifua, nikatangaza: “Mahakama inaamuru marehemu Wanjala afukuliwe ndani ya siku thelathini!”

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hakimu alikuwa ameshainamia jalada jingine. Wakili wa ukoo alikuwa anakusanya karatasi zake. Nekesa hakuwa na wakili. Hakuna aliyenisahihisha.

Khaemba alinifuata nje, kando ya mlango wa masijala, kule tunakoweka majalada. Kofia ilikuwa mkononi.

“Mtoto wangu, hii maneno, ati ni lazima?”

“Ni lazima, mzee.”

Akaigeuza kofia mara moja, mara mbili. “Hata mimi mwenye kushtaki nikisema basi? Nikisema tumwache tu huko alale?”

Mwanangu, mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya macho yangu. Mtu mzima alikuwa ananiomba neno moja tu la kweli apite arudi nyumbani kwake. Na neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi niliyokuwa nimeishika. Lakini nilikuwa na haraka, na kiburi changu kilikuwa bado kina joto la ukumbini.

“Mzee, si umesikia? Korti imeamuru. Amri ya korti haichezewi. Usipotii utafungwa wewe.”

Aliinamisha kichwa. “Mimi nilidhani nitapewa jibu,” akasema. “Kumbe nimepewa amli.” Ndivyo alivyolitamka, amli, kama wazee wetu wengi. Nami nikacheka moyoni kwa matamshi yake. Mungu anisamehe kwa kicheko hicho.

Kisha akaniomba niende siku ya kufukua, nikamsomee Nekesa karatasi. “Mimi sitaweza kumwambia yule mama kwa mdomo wangu,” alisema. Nikakubali. Nilifurahi hata. Ningevaa viatu vizuri.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa Khaemba, binamu zake wawili, wanaume wanne wenye majembe, afisa wa afya na askari mmoja. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua makavu yamesimama shambani, na katika ukungu ule yalionekana kama watu waliokuja mapema kuliko sisi. Kuku walikuwa uani wakitembea. Nilichelewa kutambua kilichonisumbua kuhusu hao kuku: hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Walitembea, walichakura, midomo imefungwa. Mbwa wa boma, mkubwa, wa rangi ya majivu, alikuwa amelala juu ya kaburi. Hakubweka. Askari alipomsukuma kwa rungu, aliinuka polepole kama mzee, akaenda kulala upande wa pili, uso ukielekea pale pale.

Nekesa alitoka jikoni akiwa amejifunga leso kiunoni. Hakulia, hakutukana. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai. Kikombe kingine niliona kimewekwa chini kwenye kizingiti, kinafuka mvuke, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine.

“Soma,” akaniambia.

Nikakunjua karatasi. Sikuisoma, mwanangu, ndiyo aibu yenyewe. Niliitazama tu, nikayasema yale niliyoyasema ukumbini.

“Mahakama inaamuru…”

“Nani?”

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Haikuwa kubwa. Nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini na bado hajaamua kukasirika. Ilitoka nyuma ya bega langu la kushoto. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na migomba, na majani yake yalikuwa yametulia kama yamechorwa.

“Umesema nini, mzee?” nilimuuliza Khaemba, ingawa alikuwa amesimama mbele yangu, ng’ambo ya kaburi.

“Mimi? Sijasema kitu.”

Nikasafisha koo. “Mahakama inaamuru kwamba…”

“Nani?”

Safari hii ilikuwa chini zaidi. Chini kiasi kwamba niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Askari alikuwa anapiga miayo. Afisa wa afya alikuwa anafunga kitambaa puani. Wenye majembe walikuwa wanatazama vidole vyao. Hakuna aliyekuwa amesikia. Ila Nekesa alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyekuwa peke yake muda mrefu kisha akaona mgeni njiani.

“Umemsikia,” akasema. Hakuuliza. “Macho yalipomwishia ndivyo alivyokuwa. Kila mguu ukikanyaga hapa uani, Nani? Hata ikiwa ni kuku, Nani? Mpaka umtajie jina ndiyo anyamaze. Si umjibu.”

Ningemjibu nini? Ningesema ni Mahakama? Hakimu alikuwa kwake Kitale, labda bado anapiga mswaki. Ningesema ni mimi? Mimi nilikuwa nani wa kumtoa mtu kitandani mwake? Nilisoma yaliyobaki mbio mbio, na ile sauti yangu ya radi ikawa nyembamba kama uzi.

Wakachimba. Udongo ulitoka kwa urahisi kuliko ilivyostahili. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu maziko, mvua zilikuwa zimeushindilia, lakini uliachia kama umechimbwa jana. Wale wanaume walitazamana, wakaendelea bila mzaha wala wimbo. Jeneza lilipopanda lilikuwa kavu, safi, hata misumari haijashika kutu. Khaemba alishika kamba mwenyewe. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola ya koti, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imembeba ndugu yake.

Mmoja wa wenye majembe alipogeuka kurudisha udongo shimoni, Nekesa alimzuia.

“Acha hivyo.”

“Mama, mtu ataanguka humu.”

“Hilo shimo si langu kulifunika. Aliyelifungua kwa amri alifunge kwa amri.”

Akarudi jikoni. Tukaliacha shimo wazi, gari likaondoka kuelekea Kamukuywa, nami nikarudishwa mjini. Nilijipangusa viatu mara tatu, na mara tatu udongo ule mwekundu ukaonekana tena kwenye mshono.

Keshokutwa yake nilikuwa ukumbini kama kawaida. Mshtakiwa alikuwa mtu wa kuteka maji ya bomba bila kibali, kesi ndogo. Nikasema, “Mahakama inaamuru ulipe faini,” na nyuma ya bega langu, katikati ya mchana, ukumbi umejaa watu, ikaja ile sauti. Nani? Nikageuka nyuma. Hakimu akanitazama juu ya miwani. Nikarudia. Nani? Alasiri hiyo nilianza kutafuta njia za kulikwepa hilo neno. Nikasema mahakama inasema, mahakama inaona. Watu wakashangaa, yule binti wa kunguruma amepatwa na nini leo. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Chakula kilinishinda. Nilitamani nimwambie mtu, na niliogopa kwamba ataniamini.

Siku ya nne mwalimu mmoja alifika masijala akitokea Kamukuywa. Jina lake Nasimiyu, binti wa Mzee Khaemba. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari, na mkononi alikuwa na nakala ya ile karatasi. Mle ndani tulikuwa mimi na Mzee Barasa, mtunza majalada, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu.

“Nani kati yenu,” akauliza, “alimwambia baba yangu kwamba ni lazima?”

Nilisikia neno la kwanza la swali lake, nikashika ukingo wa meza.

Akaeleza. Kaburi jipya lilichimbwa Kamukuywa, kwenye boma la babu yao, mahali pa juu, pakavu. Januari hiyo visima vilikuwa vimekauka hata wanawake wanatembea kilomita mbili kutafuta maji. Asubuhi ya kuzika wakakuta kaburi limejaa maji hadi nusu. Wakayachota. Adhuhuri yakarudi. Wakachota tena, yakarudi, maji meusi, matulivu, yasiyo na chanzo. Wazee wa ukoo waliokuwa wakipiga kelele zaidi wakakumbuka kazi makwao, wakaondoka mmoja mmoja. Jeneza lilikuwa chini ya turubai uani, na Khaemba alikuwa ameketi kando yake siku tatu, hali, haongei.

“Nikamwambia, baba, nipe hiyo karatasi ya korti nione,” Nasimiyu akasema. “Nikaisoma. Nikamwambia, hapa hakuna lazima. Hapa wamesema ukitaka. Bana, ungeona uso wa mzee. Akaniambia, mimi sikutaka. Nilienda kushtaki ili ukoo uninyamazie. Ningetolewa tu huo mzigo na korti, ningemwacha ndugu yangu alale.”

Aliiweka karatasi mezani. Barasa aliichukua, akaisoma taratibu na kidole chake kikifuata mstari. Kisha akanitazama mimi, na hakuwa na haja ya kuuliza.

Nasimiyu alipotoka nje kungoja, yule mzee alifunga mlango. Nilitegemea atapaza sauti. Hakupaza. Alivuta kiti, akakaa karibu nami kama daktari.

“Juu hapa imeandikwa ni amri,” alisema, akigonga kichwa cha karatasi. “Kila kinachotoka kwa hakimu kikiwa na muhuri huitwa hivyo. Lakini ndani yake mna nini? Kuna amri inayosema fanya. Kuna inayosema usifanye. Na kuna inayosema, ukipenda, fanya. Hiyo ya tatu ni ruhusa, Nelima. Inamwachia mtu uamuzi wake mkononi. Khaemba aliachiwa uamuzi, wewe ukampokonya.”

Nikasema nilichoweza kusema. “Mimi ni mkalimani tu, mzee. Mjumbe hauawi.”

“Hauawi,” akajibu. “Lakini nani amekwambia haulizwi? Unajua mamlaka ni nini? Hakimu yule unayemwona hana amri ya kwake mwenyewe. Sheria ndiyo imempa kiti, na kiti kina mipaka yake. Akivuka mpaka, karatasi yake inafaa kufungia nyama. Ukimuuliza kila asemalo amelitoa wapi, atakuonyesha kifungu. Sasa wewe nionyeshe. Hilo neno ‘utafungwa’ ulilomwambia mzee wa watu pale nje, ulilitoa kifungu gani?”

Nikalia. Akaniacha nilie, akipanga majalada yake. Nilipotulia nilimweleza habari ya ile sauti, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, “Anauliza swali la haki. Wewe ndiye umekosa jibu.” Kisha akasimama, akachukua koti lake, tukaenda pamoja chumbani kwa hakimu.

Nilieleza yote, ila ile sauti tu sikuitaja. Hakimu alivua miwani, akaiweka juu ya jalada. “Nilikusikia siku ile,” akasema, kwa ule mnong’ono wake. “Nilisikia neno ‘inaamuru’ nikadhani ni namna ya Kiswahili tu. Nilipaswa kuuliza.” Nimewahi kuona watu wakubwa wengi, mwanangu, ila wachache waliosema nilipaswa kuuliza. Aliwaita pande zote mbili. Khaemba na Nekesa walikubaliana mbele yake bila wakili kufungua mdomo, na ruhusa ikatoka ya kumrudisha Wanjala alikotolewa. Mimi niliondolewa kwenye ukalimani siku hiyo hiyo. Baadaye nikahamishiwa Bungoma, masijala, nikakaa kwenye vumbi la majalada miaka minne bila kuruhusiwa kutafsiri hata jina la mtu. Sikukata rufaa.

Lakini kabla ya hapo nilikwenda Kamukuywa mwenyewe. Nilimkuta Khaemba kando ya turubai. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema nilikudanganya, mzee, kwa kiburi, haikuwa lazima. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

“Nilikuuliza mara mbili,” akasema.

Basi. Hakuniambia neno jingine mpaka kifo chake, miaka sita baadaye. Tukikutana siku ya soko, alikuwa anavua kofia kwa heshima, kama alivyomvulia askari wa mlangoni, anapita. Ningependa angenipiga.

Siku ya kumrudisha Wanjala nilitangulia shambani. Wiki mbili zilikuwa zimepita na lile shimo lilikuwa wazi. Kingo zake hazikuwa zimemomonyoka. Migomba imelizunguka, upepo wa Januari umevuma, na bado hapakuwa na jani hata moja lililoangukia ndani. Nekesa alikuwa ameketi ukingoni kwenye kigoda, kama mtu anayengoja mlango wa zahanati ufunguliwe. Mbwa alikuwa miguuni pake. Nikaomba ruhusa yake ya kusema kabla watu hawajafika, naye akainua mkono kidogo, nikachukulia kwamba ameitoa.

Nilisimama pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Sikunguruma. Nikasema kwa Lubukusu, lugha ya nyumbani, nikiwa nimelitazama shimo: “Ni mimi, Nelima, mkalimani. Mahakama iliruhusu. Haikuamuru. Aliyesema inaamuru ni mimi.”

Nikangoja. Nekesa naye aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlangoni kujua kama aliye ndani amelala. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Hakuna kilichouliza kitu.

“Sawa,” akasema. “Amesikia jina. Wakifika, mfunikeni.”

Khaemba ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, kwa viganja. Nekesa akamletea maji ya kunawa, na wawili hao, shemeji na shemeji waliokuwa hawajasalimiana tangu maziko, wakaingia jikoni wakanywa chai. Mimi nilibaki nje. Mpaka leo sijui nilisikia nini asubuhi ile ya kwanza, wala sitaki mtu mwenye elimu anieleze. Niliporudishiwa ukalimani baada ya miaka minne, nilikuwa ninasoma kila karatasi mara tatu kabla ya kufungua mdomo, na hakimu aliposema wanaweza, nilisema wanaweza, hata kama ukumbi mzima ulitaka kusikia radi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Amri ni neno tu. Mtu yeyote mwenye koo anaweza kulitamka. Mamlaka ni haki ya kulitamka, na haki hiyo hukuzaliwa nayo, umeazimwa. Kabla hujamwambia mtu “ni lazima”, jua ni sheria ipi inayomlazimisha, na uwe tayari kumwonyesha akiuliza. Akiuliza usimwone mkaidi. Kuuliza si ujinga, na aliyekuuliza mara mbili huenda anakutafutia wewe njia ya kutokosea. Kama jambo ni ombi, liite ombi. Watu wetu si wabaya, wakiombwa kutengeneza barabara watakuja. Kama ni ruhusa, iache iwe ruhusa, usimnyang’anye mtu nafasi ya kuamua mambo ya nyumba yake na ya wafu wake. Na kama umekosea, nenda mwenyewe, ujitaje kwa jina, useme ni mimi. Usijifiche nyuma ya ofisi. Ofisi haina uso wa kuona haya, wewe unao. Wengine watakusamehe. Wengine watakuvulia kofia na kupita, na hilo utalibeba, kama ninavyolibeba.

Nenda nyumbani sasa, mama yako anakungoja. Mungu aupe ulimi wako uzito pale unapostahili na wepesi pale unapohitajika. Mjane akikuona unaingia uani kwake asitetemeke, mzee akikuuliza umjibu kwa kweli, na siku utakayowaachia wengine kazi hii, watu wa Kamukuywa walitaje jina lako bila kuangalia nyuma. Amina, mwanangu. Amina.